Shule yatoka saa tisa u nusu, chuo chaanza saa kumi: hiyo nusu saa mwaipangaje?

MamaWatatu_Langoni
Assalamu aleikum nyote. Uzi huu ni wa wazazi wa Amu (Lamu) wenye wana wa Gredi ya 1 hadi ya 6, na wa Malindi karibuni. Si uzi wa kuwasema walimu wala maustadhi, hayo yana mahali pake.

Jambo lenyewe: shule yatoka saa 9:30 alasiri. Chuoni, yaani madrasa, wanatakiwa wawe wamekaa mkekani saa 10. Katika hiyo nusu saa mtoto avue yunifomu, aoge, ale, aswali, avae kanzu au buibui, atafute juzuu, atafute ndara. Na mwili wataka kukimbia, maana amekaa dawatini tangu saa 2 asubuhi. Nusu saa ikivurugika, jioni nzima yaenda upogo: asinzia chuoni, Magharibi arudi na njaa ya msafiri, kazi ya shule aifanya kwa kilio, alala usiku mkubwa, asubuhi hainuki.

Naomba majibu yenye vipimo. "Mpe lishe bora" nimeshalisikia. Niambieni nini, kiasi gani, saa ngapi.

Jikoni_Gardeni
Waaleikum salaam. Kosa kubwa ni kuwasha jiko wakati mtoto ameshaingia mlangoni. Chakula cha saa tisa u nusu hupikwa asubuhi au jana yake, alasiri kazi ni kupasha tu.

Kosa la pili ni mahamri matatu na kikombe cha chai ya sukari. Mtoto hushiba upesi, na baada ya saa moja hana nguvu, ndiyo hiyo kusinzia chuoni. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi, maharagwe na mboga. Chai iwe saa moja mbali na chakula, au ibaki ya asubuhi tu na iwe nyepesi.

Mbaazi ndizo zifaazo, na fanya hivi. Nusu kilo ya mbaazi kavu iloweke usiku kucha, kama saa 8. Mwaga maji yale. Chemsha kwa maji matamu, si ya kisima cha nyumbani: maji magumu yenye chumvichumvi hufanya ganda likatae kulainika, utamaliza mkaa na mbaazi bado zagonga meno. Zikishaiva tia chumvi. Zipoe, kisha zigawe kwenye vikopo vinne, ziingie friji BILA tui. Kila siku watoa kikopo kimoja, wakipasha kwa kitunguu na bizari, na tui walitia mwisho, siku ile ile. Watoto watatu wala siku nne. Ukitia tui kwenye sufuria yote siku ya kwanza, kwa joto letu la Kaskazi zitachacha, na stima ikikatika mchana friji haikusaidii kitu.

Pamoja nayo: hamri moja au chapati moja, ndizi, na maji gilasi mbili. Yai la kuchemsha kwa yule anayeumia njaa zaidi. Mlo huo wote huliwa kwa dakika 10.

Na kontena la shuleni: wali wa nazi ukifungiwa moto moto, mvuke hugeuka maji chini ya mfuniko, na ikifika saa sita wali unavuta nyuzi. Uache wazi upoe kwanza, au mpe kitu kikavu: chapati, viazi vya kuchemsha, samaki wa kukaanga asiye na mchuzi.

BabaPacha
Dada Jikoni, kwa heshima, napinga kidogo. Mbaazi na chapati saa tisa u nusu ni mlo kamili. Mtoto akishiba hivyo akakaa mkekani chini ya feni, atalala zaidi kuliko yule wa mahamri. Bora nusu ya chakula hicho sasa, na mlo mkubwa baada ya Magharibi.

Jikoni_Gardeni
Yategemea amekula nini saa sita. Waliokula wali wa maharagwe shuleni, sawa, nusu ya fungu lake na ndizi yatosha. Lakini fungua kontena lake anaporudi. Likiwa limejaa nusu, hakula. Alikwenda kucheza mpira. Huyo mpe mlo kamili. Kontena ndilo la kuulizwa, mtoto mwenyewe atasema amekula.

BabaPacha
Hapo tumepatana.

Cherehani_Mkomani
Mimi nasemea nguo, kwani dakika nyingi hupotelea hapo.

Kwanza yunifomu ivuliwe mlangoni, na pawe na misumari miwili yenye jina la mtoto: mmoja wa yunifomu, mmoja wa kanzu. Mtoto wa miaka 7 akijua kanzu iko msumarini, hatafuti. Urefu wa msumari uwe kifuani pake, si kifuani pako.

Pili, kukua. Mtoto wa miaka 6 hadi 10 hurefuka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na karibu nusu ya hizo ni miguu. Kwa hiyo suruali yenye upindo wa sentimita 5 yaweza kumchukua karibu miaka miwili kwa urefu. Sketi au rinda, mwambie fundi aache sentimita 8. Wazazi wengi hununua namba mbili juu badala yake, matokeo mabega yamwanguka, mikono yafika vidoleni, mtoto ajikwaa ngazini. Nguo ya mtoto iwe sawa mabegani, kukua kuwekwe kwenye pindo na kiunoni. Kiunoni taka lasitiki yenye matundu na kifungo kwa ndani, kila baada ya miezi michache walegeza tundu moja.

Kabla fundi hajakata kitambaa cha pamba, kiloweke usiku mmoja na ukianike. Kisipopungua kabla, kitapungua baada, na hizo sentimita ulizoacha zitaliwa na maji.

Upindo ukishushwa, alama ya mkunjo wa zamani hubaki na weupe wake. Hakuna dawa ya kuiondoa. Pitisha mshono wa uzi wa rangi ya kitambaa juu yake, mara mbili, ionekane ni pambo. Magotini tia kiraka kwa NDANI, kikubwa kuliko goti kwa vidole viwili kila upande, kabla halijachanika. Likishachanika kiraka hushika kitambaa kilichokwisha kuchoka, na kesho pengo lafunguka pembeni yake.

MamaWatatu_Langoni
Ahsante fundi. Na mashati meupe? Yageuka rangi ya jivu hata yakifuliwa vipi.

Cherehani_Mkomani
Hiyo si uchafu wa mtoto, ni maji. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu ya kisima hufanya utando, na utando ule hukaa kwenye nyuzi za shati. Kadiri unavyosugua kwa sabuni zaidi ndivyo unavyoongeza utando. Tumia sabuni ya unga kwa mashati, na maji ya mwisho ya kusuuza yawe matamu, yale ya mfereji yatokayo visima vya michanga ya kijiji cha Shela, au ya mvua uliyokinga. Ndoo moja ya lita 10 yatosha mashati matano ikiwa ni ya kusuuzia tu. Shati lililokwisha kufa rangi, suuza mara moja kwa robo kikombe cha siki nyeupe ndani ya ndoo hiyo, kisha maji matupu. Lakini siki na jiki (dawa ya kung'arisha nguo) zisikutane ndoo moja kamwe, hutoa hewa ya sumu. Nyeupe anika juani, ya rangi geuza ndani nje uanike kivulini.

Viatu: pima mguu jioni, kwani hapo umevimba kidogo, na pima yote miwili, fuata ule mkubwa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Miguu ya umri huu huongezeka karibu sentimita 1 kwa mwaka, hivyo kagua kila baada ya miezi mitatu kwa kubonyeza ncha ya kiatu mtoto akiwa amesimama. Akiwa amekaa utadanganyika.

Mwalimu_G4
Nimependa mpango wa misumari. Kwa kazi ya shule, kipimo rahisi ni dakika 10 kwa kila gredi: Gredi ya 2 dakika 20, ya 4 dakika 40 na zisizidi. Ikiwa mtoto wa Gredi ya 2 amekaa saa nzima, tatizo si uvivu. Ama hakuelewa somo, ama amechoka, ama yuko mbele ya televisheni. Andika pembeni ya daftari "alikwama hapa" ufunge. Mwalimu afaidika zaidi na hilo kuliko majibu yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mama.

Wakati wake ni kati ya Magharibi na Isha. Kwetu jua huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12:40 mwaka mzima, kwa hiyo ratiba haihitaji kubadilishwa kila msimu kama nchi za mbali. Chakula kwanza, kama dakika 20, kisha daftari. Akianza daftari na njaa, atafuta zaidi ya anavyoandika.

Kuhusu kulala, hesabu kinyumenyume. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Aamkaye saa 11:30 alfajiri alale saa 2:30 usiku, hizo ni saa 9, na ni kiwango cha chini kabisa. Wale wadogo wa Gredi ya 1 na ya 2 wawe kitandani mara tu baada ya Isha. Wiki ya Maulidi na mwezi wa Ramadhani ratiba itavunjika, msijisumbue. Irudisheni kwa kusogeza dakika 15 kila usiku. Ukitaka kurudisha saa mbili kwa usiku mmoja mtagombana bure.

Ombi moja la pembeni: vifaa vya miradi ya mtaala huu wa umilisi viulizeni Ijumaa. Jumapili saa 3 usiku hakuna duka la kadibodi. Wekeni katoni moja nyumbani: vifuu, makuti, vibuyu, vipande vya kitambaa, chupa, kamba. Vingi tunavyoitisha vimo humo.

Nahodha_Mstaafu
Yakhe, mmesema chakula na nguo, hakuna aliyesema bahari. Wana wa Amu waliokaa dawatini kutwa watakwenda ukutani kuruka majini, mtake msitake. Bora kujua lini.

Msitazame saa, tazameni mwezi. Mwezi unapoandama na unapotimia kumi na nne, maji ni bamvu, yaani hupanda na kushuka mno. Siku hizo, yaani tarehe 29, 30, 1, na 13, 14, 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni hivi, na hukupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kila siku ipitayo yachelewa, wastani wa dakika 50. Ikifika mwezi 7 au 8, na 21 hadi 23, mambo yamepinduka: maji yajaa asubuhi, na saa 10 jioni yako chini. Hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Sasa sikilizeni panapovunjika shingo. Tofauti ya bamvu kati ya kujaa na kukupwa ni karibu mita 3. Mwana aruka Ijumaa saa 10 na nusu jioni, maji marefu, raha tupu. Jumamosi asubuhi hakuna shule, arudi pale pale ukutani saa 4, na mahali alipopiga mbizi jana ni mwamba na matope. Macho yake yakumbuka ya jana. Wadogo ndio hasa, kwani hawajui kusoma alama ya maji ukutani.

Ruhusa iwe saa moja kabla ya kujaa mpaka maji yasimame. Yakigeuka, watoke. Bamvu likianza kutoka, mkondo wa hapa kati yetu na kisiwa cha Manda wavuta kwa nguvu, na mtoto wa miaka 9 hata awe hodari hashindani nao. Akivutwa asiogelee kuukabili. Aogelee kuukata ubavu kuelekea ukutani, na apige kelele. Aruke kwa miguu, kichwa kisitangulie, na asiruke upande wa gati ziingiapo boti, kwa sababu ya rafadha, yaani panga za injini.

Mkaazi_Malindi
Huku kwetu nyakati za maji ni karibu hizo hizo, lakini tuna jambo lingine: mvua zikinyesha bara, mto Sabaki hushusha tope na bahari yote ya Malindi yageuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo huoni chini hata kwa maji ya magotini. Hakuna kuruka kabisa siku hizo, hata kama mwezi waruhusu. Na Kusi likivuma mawimbi ni ya kuangusha mtu mzima.

Ile nusu saa huku huliwa na barabara. Amu hamna bodaboda za kuvuka mjini, punda ndiye dereva wenu. Huku mtoto wa chini ya miaka 9 bado hajui kukadiria mwendo wa tuktuk, aiona iko mbali akadhani yaja polepole. Avushwe na mkubwa, au apangwe kwenye kundi la watano sita wenye mkubwa wa Gredi ya 6 au zaidi, wakiwa na njia moja isiyobadilishwa.

BabaPacha
Punda naye ana sheria zake ndugu. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani ni vyembamba, punda akija na mawe mtoto asimame ukutani upande wa kichwa, asipite nyuma ya miguu. Na asimpige kwa fimbo akipita, hapo ndipo mateke yanapotoka.

Zahanati_Usiku
Naongeza ya afya kwa kifupi, kwani majeraha mengi ya jioni yanatokana na huo ukuta wa Nahodha.

Kukatwa na chaza wa ukutani: osha kwa maji matamu safi na sabuni dakika kadhaa, toa vipande vya ganda kwa kibano, funga kitambaa safi. Msitie majivu, kahawa wala dawa ya meno. Jeraha likiwa na kina, au wekundu ukiwa waenea, au homa ikiingia, hospitali. Muulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Akichomwa na samaki taa mguuni, loweka kwenye maji ya moto kadiri awezavyo kustahimili, uyapime kwanza kwa mkono wako mwenyewe, nusu saa mpaka saa moja na nusu. Maumivu hupungua kwani joto hudhoofisha sumu. Kisha aonwe na daktari, mwiba huweza kubaki ndani.

Mtoto anayekula vizuri na bado ni mnyonge, rangi imepauka, achoka kucheza: fikiria chango (minyoo), hasa wale waendao pekupeku. Dawa ya albendazole ya miligramu 400 hutolewa mara moja kwa mtoto wa zaidi ya miaka miwili. Ikigawiwa shuleni, mwambie mwalimu kama ameshapewa nyumbani karibuni.

Mapunye ya kichwani yasambaa chuoni kwa kuazimana kofia na mitandio. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, ndiyo maana wazazi hupaka miezi mitatu na bado. Yataka vidonge kwa wiki kadhaa, vikipimwa kwa uzito wa mtoto, na kofia zote za nyumba zifuliwe siku ile ile ya kuanza dawa. Ninajua kofia ya viua, ile ya kudariziwa, haipendi kufuliwa ovyo. Basi ya chuo iwe ya bei rahisi.

Na kikopo cha mbaazi kikichacha mtoto akaharisha: pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji, lakini SOMA pakiti, ziko za nusu lita na za lita moja. Ikikolea sana huzidisha kuharisha, ikiwa nyepesi haisaidii.

MamaWatatu_Langoni
Mashaallah, nimeandika yote. Limebaki la ndara. Kila wiki mmoja arudi na za mwenziwe, au za miguu miwili ya kushoto.

Cherehani_Mkomani
Pasha msumari moto, toboa vitundu chini ya kisigino: mtoto wa kwanza kimoja, wa pili viwili, wa tatu vitatu. Rangi hufutika, vitundu havifutiki. Juu, funga uzi mwekundu kwenye kamba ya kulia tu. Kazi ya uzi ni kumwonyesha mguu wa kulia haraka, na akitoka chuoni aziona upesi kati ya jozi sitini. Mfundishe pia azitoe mlangoni akizielekeza nje, na kila siku upande ule ule wa baraza.

MamaWatatu_Langoni
Na Nahodha, leo Jumanne ni mwezi 12. Ijumaa chuo kimefungwa, wameshaanza kuniomba ukutani.

Nahodha_Mstaafu
Ijumaa itakuwa mwezi 15. Maji yajaa karibu na saa 11 jioni. Waende saa 10, wakae na mkubwa ajuaye kuogelea, na saa 11 na robo wawe wameshashika taulo. Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana, ukutani hapana. Wape mpira.

BabaPacha
Mpira wenyewe uwe wapi? Uani kwangu kuna vyungu.